Jina la Mtoto wa Tunu

Haya, sogeeni karibu. Atakayesinzia nitamwuliza yeye wa kwanza, na swali lenyewe si la mchezo.

Katika mtaa mmoja wa Mombo walikuwapo wanawake watatu. Mashavu alijaliwa subira: alikuwa akipanga foleni ya maji mchana kutwa bila kunung'unika. Siwema alijaliwa jicho. Unyoya ukidondoka uani kwake anajua ni wa kuku wa nani. Chausiku naye alijaliwa maneno. Mafumbo ya gazetini hayamshindi. Mwambie neno la Kiingereza lina herufi ngapi, mpe na herufi mbili za ndani, atakutajia moja baada ya jingine hadi uchoke wewe.

Hadithi yenyewe, lakini, ni ya Tunu, mdogo wake Mashavu. Baba yao, Mwalimu Shekigenda, alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, kisha kiharusi kikamlaza upande mmoja na kumnyang'anya kauli. Mashavu akachora ubao: tarakimu juu, herufi chini. Kila asubuhi, miezi minane mizima, alikaa na baba yake akimwongoza kidole cha mkono wa kushoto. Ikawa mzee akitaka jambo hugusa kwanza idadi ya herufi, kisha herufi mbili, basi, nguvu zimekwisha. Na neno ni lazima liwe la Kiingereza, maana ndicho kilichombakia kichwani.

"Dada, mwache mzee apumzike," Tunu alimwambia siku moja, tena mbele ya wageni. "Akili zimekwisha. Unamtesa bure."

Mashavu alipangusa ubao kwa pindo la kanga yake, akaendelea.

Basi Jumamosi moja Mashavu alikuwa amekwenda sokoni. Kombo, mwana wa Tunu, mtoto wa miaka mitano, alikuwa uani akicheza kombolela na wenzake. Saa nne alikuwapo. Saa tano hayupo. Waliita, hakuitika. Walichungulia chumbani, jikoni, stoo. Hayupo! Mtaa mzima ukatoka, hawa mtoni, wale barabara kuu. Tunu alikuwa na mimba ya miezi minane. Akapiga magoti mchangani, akalia, "Ee Mola wangu, atakayenirudishia mwanangu, huyu aliye tumboni nitampa jina lake!" Watu wakaitikia amina.

Barazani mzee alikuwa akigonga fimbo sakafuni. Nani wa kumsikiliza siku kama ile? Siwema alikwisha fika njia panda. Akageuka nyuma mara moja tu, akaliona bega la mzee linatetemeka namna ambayo hajapata kuliona. Akarudi mbio, akampakatisha ubao, akamshika kiwiko. Kidole kikagusa tano. Kikagusa K. Kikagusa N. Mkono ukaanguka.

"Herufi tano, ina K na N!" Siwema akapiga ukelele.

Chausiku akaja akihema. "Drink! Anataka kunywa!"

Tunu, maskini, akakimbilia mtungi, akamwekea baba yake kikombe mdomoni. Mzee akafumba midomo kwa nguvu, maji yakamwagika kifuani.

"Snake!" Loo, hapo ndipo watu walipopiga mayowe, maana snake ni nyoka, na vijana wakatokomea kichakani na marungu. Mzee akatikisa kichwa. Knife je, kisu? Akatikisa tena, machozi yanamtoka. Chausiku akafumba macho, akazipanga herufi upya kichwani.

"Trunk," akasema.

Mzee akalia kwa sauti. Trunk ni tranka, lile sanduku lake la bati la tangu chuoni, nalo lilikuwa stoo, hatua kumi kutoka kiti chake. Alimwona mjukuu akiingia kujificha, akasikia kifuniko kikianguka na komeo likijifunga, na hakuweza kuinuka. Stoo walichungulia, ndiyo, lakini nani afungue sanduku lililokomewa kwa nje?

Walimtoa Kombo amejikunja juu ya madaftari ya zamani, midomo imebadilika rangi. Wakampepea, wakampulizia pumzi. Akakohoa.

"Mngechelewa kidogo tu," daktari wa zahanati aliwaambia, "saa hizi mngekuwa mnachimba."

Mwezi uliofuata mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya saba watu wakakusanyika kumpa jina, shehe akiwapo, na ugomvi ukaanza kabla ya uji.

"Ubao ulikuwapo siku zote," akasema Siwema. "Mlimpita mzee wote. Nani alirudi?"

"Ulirudi ukapata K na N," akajibu Chausiku. "Kwa K na N ungefungua nini?"

"Na huo ubao ulishuka mbinguni?" akauliza jirani mmoja.

"Mimi siku ile sikuwapo," akasema Mashavu polepole. "Niacheni."

Tunu aliinama. Maneno aliyomwambia dada yake mbele ya wageni yalimrudia yote, akaona haya.

"Basi nimpe majina yote matatu," akamwambia shehe.

"Ulisema jina lake, mwanangu, hukusema majina yao. Nadhiri haikatwi mafungu."

Wakamwekea mzee ubao mapajani. "Baba, amua wewe," Tunu akamsihi. Mwalimu akamtazama kichanga. Kisha akausukuma ubao, taratibu, mpaka ukagusa magoti ya Tunu.

Shehe akampokea mtoto, akatega sikio. Siwema alikuwa amemkazia Tunu macho. Chausiku alikuwa akihesabu herufi za jina lake kwa vidole. Mashavu alikuwa akipangusa ubao kwa pindo la kanga yake, kama kila asubuhi. Tunu akafungua kinywa.

Jina ni moja, na Mungu alisikia nadhiri. Je, ungekuwa wewe, ungelitamka la nani?