Mtu wa Chumvi Dirishani

Leo siwaletei mkulima wala mchungaji. Hao nimewatumia katika mahubiri mpaka wamechoka wenyewe. Leo nawaletea kioo. Tena kioo na maji nayajua vizuri. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa, lakini hakuna kisima kuanzia hapa mpaka kule milimani ambacho sijaonja maji yake. Nikidondosha tone moja ulimini nakwambia: hiki ni cha chumvi, hiki cha chokaa, hiki mbuzi atakunywa halafu amtazame mwenye kisima vibaya. Msicheke, ulizeni huko nje.

Basi, katika nchi kavu kama hii yetu aliishi mama mmoja. Jina lake silitaji, maana mnaanza kuangaliana. Nyumba yake ilikuwa na dirisha kubwa la kioo sebuleni, upande wa machweo. Mumewe alifanya kazi mbali, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili: yeye na mama mkwe, bibi wa macho hafifu, ambaye kiti chake kilikuwa hapo hapo sebuleni.

Vumbi letu mnalijua. Kila siku saa tisa, jua likikipiga kile kioo, yule mama alisimama nje na beseni la maji ya kisima akakirushia: pwaa! Maji yakatiririka, jua likayakausha, yeye akaenda zake. Usafi huo, au sivyo? Haya, tuendelee.

Mwezi wa kwanza likatokea doa jeupe, refu kama kidole. Mama akaongeza maji. Mwezi wa pili doa likawa na kichwa. Sikilizeni vizuri: kichwa, na chini yake mabega. Kimo chake kama cha mtoto aliyesimama mbali, kule barabarani. Akarusha mabeseni mawili. Mwezi wa tatu likawa kubwa kuliko mtoto. Akasugua kwa majivu, akasugua kwa waya wa sufuria, akarusha maji tena. Mwezi wa tano lilikuwa na kimo cha mtu mzima, jeupe, halina uso, limesimama dirishani kama mgeni aliyetembea miezi mitano na sasa anangoja kukaribishwa.

Ninyi mngelala nyumba hiyo? Mimi ningelala, lakini mimi ni mimi. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali pale walikaa wote wakikipa kioo mgongo, na sala ikawa fupi ajabu.

Kibaya zaidi kilikuwa kivuli. Ikifika saa kumi, jua lilipita kwenye kioo, na kivuli cha yule mtu kikaingia sebuleni. Kikatambaa sakafuni polepole, kikapanda mkeka, kikaenda moja kwa moja kwenye kiti cha bibi na kumlazia kichwa magotini. Kila siku! Bibi ametulia, mikono mapajani, kama anayebembeleza.

Yule mama akaona. Moyoni akasema: kumbe kinamjua. Ndiye anayekiita.

Kuanzia siku hiyo shikamoo ikafa ndani ya nyumba ile. Bibi akiita, "Mwanangu, upo?" anajibiwa na mlango. Na Jumamosi moja asubuhi mama akamfungia bibi nguo zake kwenye khanga, akampeleka stendi, akamkalisha juu ya furushi.

"Nimekosa nini, mwanangu?" bibi akauliza.

"Unakijua."

Akamwacha pale, basi likisubiri kujaa. Akarudi nyumbani. Lile jitu lipo! Basi akamwita fundi wa vioo.

"Kivunje," akamwambia. "Chote."

Fundi akalowesha kidole, akapitisha kwenye doa, akalamba. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada yangu, hiki kioo hukukiosha, umekipiga lipu! Haya ni maji ya kisima. Unayarusha pale pale, juani, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Kesho unaongeza. Huyu mtu umemjenga mwenyewe, beseni kwa beseni."

Akapasha siki moto kidogo, akalowesha kitambaa, akakibandika kwenye kioo, wakangoja. Halafu akafuta, akasuuza kwa maji ya mvua, na kabla jua halijayagusa akakausha kwa gazeti. Kichwa kikaondoka. Mabega yakaondoka. Kioo kikang'aa.

Lakini pale palipokuwa na kifua cha yule mtu, kilibaki kiganja. Vidole vitano, vyeupe, vimenyooka.

Fundi akafuta. Hakitoki. Akaongeza siki. Hakitoki. Akaacha kucheka. "Dada," akasema kwa sauti ndogo, "hiki kiko upande wa ndani."

Mama akatoka mbio, hata viatu hakuvaa. Stendi basi lilikuwa limeshawasha injini, bibi anapandishwa ngazi. Akamkamata khanga.

"Mama! Ulikuwa unafanya nini pale dirishani?"

Bibi akamgeuzia yale macho yake ya ukungu. "Ni wewe, mwanangu? Yule mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Yule mweupe. Kila siku ukitoka nje na beseni nilimwona amesimama mbele yako. Nikaacha kuosha vyombo, na mikono yangu mibichi, nikaweka kiganja kwenye kioo, nikamkemea kwa jina la Bwana mpaka ukarudi ndani. Na akija magotini kwangu nilimshikilia hapo hapo, asikufuate jikoni."

Mama akapiga magoti katika vumbi la stendi, abiria wote wanatazama, akasema, "Shikamoo, mama." Ilikuwa ya kwanza kwa miezi miwili.

Sasa ndugu zangu, sisi je? Sisi hatuna beseni? Tunakwenda kwenye maombi na neno lile lile baya tulilomsemea mwenzetu, tunalirusha tena mbele za Mungu: "Bwana, unamwona yule!" Kesho tena. Tunadhani tunaosha. Tunajenga mtu, tunampa kichwa, tunampa mabega, halafu akishasimama tunatafuta wa kumsingizia. Na tunamshika nani? Yule aliye karibu. Yule ambaye usiku na mchana mkono wake uko juu ya kioo kwa ajili yetu.

Hapa ndani yupo mtu ambaye leo asubuhi amemwacha mwenziwe stendi. Mimi simtazami, natazama Biblia yangu. Lakini nakwambia wewe, usingoje wimbo wa mwisho, usingoje baraka. Inuka sasa. Mabasi ya kwetu hujaa.