Barabara ya Topeni Yaingia Barazani

Hapo zamani palikuwa na sultani aliyeitwa Zubeiri, naye alitawala nchi ndefu, mwanzo wake mji wa mawe wenye lango kubwa, na mwisho wake vilima vya mbali ambako hata watoza kodi walifika wakinung'unika. Kila wilaya ilituma mjumbe mmoja katika Baraza la Sultani, ili aeleze shida za watu wa kwao na kuwaombea msaada.

Baraza hilo lilikuwa na ada yake. Mjumbe hakuruhusiwa kulisema jambo mpaka aliweke jambo lenyewe mkekani, mbele ya kiti cha Sultani. Ukilia nzige, ulete nzige, Sultani awashike kwa mkono wake. Ukisema kisima kimeingia chumvi, ulete maji yake, Sultani ayaonje kwa ulimi wake. Ada hiyo iliwekwa na babu yake Zubeiri, kwa kuwa zama zake wajumbe walikuwa wakitunga njaa zisizokuwepo ili wapewe nafaka ya bure. Basi ikawa ada njema. Lakini ada ni kama nguo. Humkaa vyema aliyepimiwa, na wengine huwabana makwapani. Wajumbe wa karibu na mji walileta mlango uliooza, wakapata mlango mpya. Walileta kigae kilichovunjika, wakaezekewa soko zima. Wajumbe wa mbali, ambao shida zao hazibebeki, walirudi kwao mikono mitupu.

Miongoni mwa hao wa mbali alikuwamo Ngwali, mjumbe wa Topeni. Alikuwa fukara, mali yake ni kijishamba cha viazi vikuu na mbuzi mmoja mwenye kuchechemea. Hata kanzu aliyovalia barazani ilikuwa ya shemeji yake, mtu mfupi, kwa hiyo ilimwishia juu ya magoti, juu kidogo kuliko adabu inavyotaka. Watu wa mjini walimwita Ngwali Juha. Watu wa Topeni walimchagua kwa sababu moja: katika wilaya nzima yeye peke yake ndiye aliyeweza kutukanwa tangu asubuhi hadi adhuhuri, akala chakula chake vizuri, kisha akaendelea na maneno yake pale alipoyaachia.

Na neno lake lilikuwa lile lile kila kikao. Siku moja, mwishoni mwa kiangazi, alisimama tena akasema, "Maulana, nakuja na habari ya barabara ya Topeni. Tangu vilimani hadi lango la mji wako, masika ikinyesha, barabara yetu hugeuka uji. Viazi vyetu huozea njiani. Mkunga yuko huku chini, na wenye kujifungua wako kule juu, naye hafiki. Twaomba tujengewe kabla hatujamzika mtu mwingine."

Waziri Sarahani, aliyekaa kuume kwa Sultani, akanyoosha shingo akautazama mkeka. "Barabara yenyewe iko wapi?"

"Iko Topeni, Bwana Waziri."

Baraza zima likacheka. Waziri akapangusa machozi ya kicheko, akasema, "Maulana, mkekani sioni kitu. Na zaidi ya hayo, barabara hiyo naijua, nimeipita mwenyewe. Nilibebwa machelani, nikalala usingizi mnono tangu lango la mji hadi vilimani. Barabara mbovu haimwachi mtu kulala."

"Hao waliokubeba walilala pia, Bwana Waziri?" akauliza Ngwali kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Waziri hakupendezwa. Akamwinamia Sultani akamnong'oneza, na Sultani, ambaye asubuhi ile alikuwa amechoshwa na hotuba za vigae na milango, akaona hapa pana mchezo. Akasema kwa sauti, "Ewe Ngwali, ada ni ada. Kikao kijacho kitakuwa katikati ya masika. Siku hiyo uilete barabara ya Topeni hapa mkekani, tuione kwa macho yetu. Usipoileta, Topeni haitakuwa tena na mjumbe. Tangu siku hiyo mtasemewa na Waziri wangu Sarahani."

Wajumbe wa mbali wakainamisha vichwa, maana walijua kwamba wilaya itakayosemewa na mtu aliyeipita amelala imekwisha kuzikwa. Lakini Ngwali akasimama wima akasema, "Nimesikia, Maulana, na nimetii. Ila nina hofu moja. Barabara ikifika mlangoni pako, askari na watumishi hawataipunguza?"

Sultani akacheka sana. Alikumbuka jinsi zamani askari walivyoilamba asali ya mjumbe mmoja mlangoni, mpaka chungu kikafika mkekani kimeng'aa ndani kama kimeoshwa. Tangu hapo palitolewa amri kwamba ushahidi haupunguzwi mlangoni. "Naapa mbele ya baraza hili," akasema Sultani, "atakayeipunguza barabara yako, hata kwa ukucha, atachapwa. Ilete nzima!"

Basi Ngwali akarudi Topeni, akawakusanya watu, akawaeleza. Wa kwanza kusema alikuwa Bi Mize, dada yake mkubwa, mjane mwenye ulimi mwepesi.

"Umekubali kubeba barabara? Wewe, Ngwali? Mtungi wa maji tu mkeo hukutua yeye kwa huruma!"

"Dada, sitaibeba peke yangu. Mtanisaidia ninyi nyote."

"Kwa kamba, au kwa kikapu?"

"Kwa miguu," akasema Ngwali.

Akawafafanulia taratibu, na kila alipoeleza, kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Wakati wa kikao ulipokaribia, watu wa Topeni, wake kwa waume, wakashuka vilima pamoja na punda wao. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, kisha ikapumzika, na udongo mwekundu ulikuwa mzito kama ugali wa harusi. Ngwali alipita huku na huku akiwahimiza. "Msikanyage majani! Katikati, jamani, katikati! Mzee, huo mguu wako wa kushoto bado mchanga, hebu uchovye tena."

Bi Mize alitembea akilalama. "Maisha yangu yote nimewafunza watoto kufuta miguu mlangoni. Leo ndugu yangu wa tumbo moja ananifunza uchafu."

"Leo tu, dada."

Ikawa walipofika kwenye lango la mji, tope lilikuwa limewapanda hadi mapajani, na chini ya kila wayo palikuwa na gogo la udongo, hata wafupi walionekana warefu. Wakapita mitaani, pwata, pwata, pwata, na watu wa mjini wakafungua madirisha kutazama.

Siku hiyo ukumbi wa Sultani ulikuwa umetandikwa mikeka mipya, myeupe kama wali. Mlangoni walisimama watumishi wenye mabirika na taulo, maana hapakuwa na mtu aliyeingia bila kuoshwa miguu. Mtumishi mkuu alipoliona jeshi lile la tope, nusura aangushe birika lake.

"Karibuni... lakini tafadhali, nyosheni miguu kwanza."

"Ahsante, ndugu yangu," akasema Ngwali. "Ila hii uionayo miguuni ndiyo barabara ya Topeni, aliyoiagiza Maulana. Sisi ni wachukuzi tu. Ukitaka kuipunguza, nasi hatukuzuii."

Mtumishi akamtazama mwenzake. Mwenzake akalificha birika mgongoni, akaegemea ukuta kama mtu aliyekuja kutembea.

Basi barabara ya Topeni ikaingia barazani. Iliingia kwa miguu ya wazee na ya akina mama, ikaingia kwa kwato za punda, ikatandazika kutoka mlangoni hadi mbele ya kiti cha Sultani, na mikeka myeupe haikuonekana tena. Wajumbe wa mjini wakapanda juu ya mito yao, wameshika kanzu mikononi.

"Watoeni!" akapiga kelele Waziri Sarahani. "Watoeni hawa wehu!"

Ngwali akainama mbele ya Sultani. "Maulana, uliamuru niilete barabara ya Topeni, na hii hapa. Uniwie radhi, haijatimia. Nyingine bado yaja, wameichukua wale wenye kutembea polepole."

"Barabara gani?" akafoka Waziri. "Hili ni tope!"

"Alhamdulillahi, Bwana Waziri ameitambua!"

"Hili ni tope tupu! Barabara ina mawe! Barabara ina kokoto! Barabara ina mitaro pembeni!"

"Kweli kabisa, Bwana Waziri," akasema Ngwali. "Hayo hasa ndiyo tuliyokuja kuyaomba."

Basi Waziri alikuwa ameitoa hoja yote ya Topeni kwa ulimi wake mwenyewe, na vizuri kuliko Ngwali mwenyewe.

Sultani hakuonyesha uso wa hasira wala wa furaha. Akasema, "Maji huonjwa, na nzige hushikwa. Barabara nayo hupitwa." Akainuka, akateremka kitini na makubazi yake ya hariri. Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, kubazi likabaki nyuma na mguu ukaja peke yake. Ya tatu, Sultani alimshika Waziri bega ili asianguke, na Waziri hakuwa amejishika pahali, basi wakaenda chini wote wawili, pwaa!

Ngwali akaona mauti yake yamekaa pale chini, yamevaa kilemba. Ndipo Bi Mize, aliyewazoea walioanguka, akasogea na kusema, "Pole, Maulana. Usivute kwa nguvu, litakumeza. Geuza kisigino kwanza, kisha nyanyua. Ndivyo tufanyavyo sisi."

Sultani akageuza kisigino, akanyanyua, mguu ukatoka. Akautazama mguu. Akamtazama Waziri wake, aliyekuwa bado chini, tope limemjaa hata ndevuni.

"Sarahani," akasema, "hebu jaribu kulala."

Kisha kicheko kikamtoka Sultani, naye akacheka hadi kilemba kikaanguka, akakiacha huko huko. Baraza likacheka, watu wa Topeni wakacheka, na punda mmoja akalia.

Alipopata pumzi, Sultani akaamuru mawe yaanze kuchongwa wiki ile ile, na kwamba Waziri Sarahani ndiye atakayesimamia kazi, naye aende na kurudi kwa miguu yake. Mpaka barabara ikamilike, mkunga akae Topeni kwa posho ya Sultani. Na wageni wote waoshwe, wapewe pilau.

"Nawe, Ngwali," akasema, "nani tena atakuita juha? Sema, una haja gani nyingine?"

Ngwali akafikiri kidogo, akakohoa, akasimama kama mjumbe asimamavyo. "Maulana, liko jambo dogo la pili. Kule kwetu kuna mto, na ukifurika..."

"Keti!" akapiga ukelele Sultani, akiinua mikono yote miwili. "Keti, mwanangu, usiulete! Mto huo tunausadiki!"

Na ikawa tangu siku ile, jambo lisilobebeka hufuatwa na Sultani mwenyewe huko liliko. Nami nimeifikisha hekaya hadi lango la mji. Mwenye miguu safi na aingie, na mwenye tope aingie pia.