Fisi Aliyetaka Sahani ya Kila Kazi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa sufuria jikoni, na mwiko juu yake!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kutafuna, utasikiaje?

Hapo kale wanyama wa bonde la Mtopole walikuwa na chama cha kusaidia majirani. Sharti lake: kila mwanachama aje na kazi yake, na kazi zisifanane. Mchwa alikuwa mwashi. Kigogota, seremala. Nungunungu, fundi cherehani, sindano anazo mwenyewe mgongoni. Nguchiro mdogo alikuwa mganga wa walioumwa na nyoka, tena ndiye mpakuaji. Wakishajenga daraja au kuezeka nyumba ya mjane, hupikwa nyama, na kila kazi hupewa sahani moja.

Akaja Fisi, akaingia kama mchimba mashimo. Akala sahani yake, akatazama ya Mchwa.

"Hata mimi ni mwashi!" Kofi, pa! Sahani ikahama.

Mara nyingine: "Hata mimi ni seremala!" Kofi, pa! Sahani ikahama.

Mara nyingine: "Hata mimi ni fundi cherehani!" Hapo hakupiga kofi, hakuwa mjinga kiasi hicho. Alinguruma tu, nguruuu! Sahani ikahama.

Watoto wa Mchwa wakalala njaa. Kigogota akasema kwa uchungu, "Bora chama kife."

"Hakifi," akasema Nguchiro. "Niachieni mwiko."

Siku ya kazi ikafika, nyama ikaiva. Nguchiro akagonga sufuria, ngo! ngo! ngo!

"Bwana Fisi, kuna kazi tatu hazina mtu."

"Zina sahani?"

"Zinazo, minofu mitupu."

"Zangu!"

"Hujazisikia. Mlinzi?"

"Mimi!"

"Hakimu?"

"Mimi!"

"Mwizi?"

Fisi akasita. "Mwizi naye ana sahani?"

"Kubwa kuliko zote."

"Basi mwizi ni mimi!"

"Wanachama, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Haya mlinzi, mkamate mwizi. Asiyefanya kazi hali."

Fisi akajishika sikio mwenyewe, akajivuta mpaka mbele.

"Hakimu, toa hukumu. Ila ujue, hukumu nyepesi, kijiko kimoja. Hukumu nzito, sahani inajaa."

Mate yakamdondoka Fisi, to! to! to! "Mwizi afukuzwe!"

Kijiko kimoja, pwa!

"Afukuzwe ng'ambo ya mto!"

Pwa!

"Asirudi maisha yake yote!"

Pwa! Sahani ikajaa pomoni. Fisi akanyoosha mkono.

"Taratibu, bwana," akasema Nguchiro. "Mwizi kashafukuzwa. Aliyefukuzwa hali na chama."

Fisi akanguruma, nguruuu! Lakini leo hakuna aliyerudi nyuma. Kigogota akamgonga utosini, ko-ko-ko! Mchwa na wanawe wakampanda miguuni, wakauma. Nungunungu akasimamisha sindano zake, chakacha! Fisi huyoo, mbio, mkia katikati ya miguu, mpaka ng'ambo ya mto.

Vigelegele! Mchwa akapata sahani yake, Kigogota yake, Nungunungu yake. Na zile tatu, za mlinzi, hakimu na mwizi? Nguchiro alizila zote peke yake, huku akiwaonya wenzake, "Tamaa mbele, mauti nyuma."

Ngano yangu imeishia jikoni. Ikiwa tamu, tumekula sote. Ikiwa chachu, mpelekeeni Fisi. Na funzo lake, watoto: mkitaka haki itendeke upesi, mpeni mwizi kazi ya hakimu.