Jozi ya Tatu ya Viatu

Mama mmoja mjane alikuwa na wana watatu, watu wazima wenye familia zao, na kisima kimoja ambacho kila kiangazi kilimtia aibu kwa uhaba wa maji. Mwaka huo wanawe wakasema basi, tunakikausha, tunakichimba zaidi. Wakaazima mashine ya petroli ya kuvuta maji. Wakaiwasha pale juu, ikakohoa weee, haikuvuta hata tone, maana maji yalikuwa mbali mno. Sasa sikilizeni walichofanya, na msijifanye mnashangaa, maana wengine humu ndani mmeshakifanya. Waliiteremsha mashine kisimani, wakaiketisha juu ya ubao katikati ya shimo, wakaiwasha humo humo. Maji yakatoka! Vigelegele mtaa mzima.

Baada ya saa nzima mashine ikazimika yenyewe. Mtoto wa kwanza akavua viatu ashuke kuiangalia, maana kisima kile kilishukwa pekupeku kwa vidato vilivyochongwa ukutani. Alipoupita ule ubao akaachia mikono, akaenda hadi chini kabisa. Akaitwa, kimya. Majirani wakapiga simu zimamoto, wakabaki wanamwita. Gari lilipochelewa, mtoto wa pili hakustahimili. Akavua viatu, akashuka. Naye kimya.

Ndipo gari likafika, na aliyeteremka mbele alikuwa dada mmoja, mkuu wa kikosi. Watu wakamfungulia njia akimbie. Hakukimbia! Alifunga mikono nyuma, akaanza kukizunguka kile kisima polepole, kama mtu aliyekuja kukagua kiwanja.

Jamani, alitukanwa. "Huyu wametuletea wa nini?" "Kama unaogopa si ungebaki jikoni kwenu!" Na msidhani yale maneno hayakumchoma. Miguu ilitaka kukimbia, maana na yeye ana kaka zake. Lakini aliiamuru itembee, ikatembea. Akaona dumu la petroli pembeni. Akaona mpira wa maji uliotoka shimoni umelala kwenye matope. Akaona jozi mbili za viatu ukingoni, na pale pembeni mtu wa tatu anavuliwa mabuti.

"Mashine iko wapi?" akauliza.

Yule mama ndiye aliyejibu. "Imo humo humo, mwanangu. Ilikataa kuvuta ikiwa juu."

"Mshikeni huyo wa mabuti!" dada akapaza sauti. "Humo ndani hamna hewa, mna moshi wa mashine. Akishuka, harudi."

Mama akamshika kola. "Wanangu wawili wanakufa, wewe unamzuia ndugu yao?"

"Wawili wamo, mama, nimeviona viatu vyao. Huyu ni wa tatu, na huyu bado unaye."

Kisha akauliza nani ameshuka lini. Wa kwanza, karibu saa nzima. Wa pili, gari lilipokuwa linakata kona. Akamulika tochi: wa pili alikuwa amelala juu ya ubao. Na mtungi wa hewa ulikuwa mmoja tu, wa safari moja. Mama akaelewa kabla hajaambiwa. "Anza na mkubwa," akalia. "Ndiye aliyetangulia."

"Naanza na anayeweza kupona," dada akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakubadili neno. Akamvisha mwenzake barakoa, akamfunga kamba, akamshusha.

Wa pili alitolewa akiwa anakoroma. Akapona. Mtungi mwingine ulipoletwa ndipo wa kwanza alitolewa, na alikuwa ameshakufa zamani. Siku ya maziko yule mama alikaa katikati ya wanawe wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kaburi lilikuwa moja.

Sasa wapendwa, mnadhani nitahubiri habari za dada wa zimamoto. Hapana. Yeye kazi yake aliifanya. Mimi nina swali la mabuti. Kwa nini yule wa tatu alikuwa anavuliwa? Hana mikono?

Alikuwa nayo, ila ilikuwa inatetemeka. Alikuwa ameona wawili wakinyamaza, na moyo wake ulikuwa unamwambia usiende. Akapatikana mtu mmoja, akapiga magoti, akamlegezea kamba za mabuti, akayavuta taratibu. "Nenda, ndugu yangu. Damu yako hiyo." Mtu mwema kabisa yule. Mtu wa sala. Na kesho yake angekuwa wa kwanza kuleta sanda.

Ndiye sisi huyo! Wala msigeuke kumtafuta jirani. Binti anakuja anatetemeka, amepigwa mara ya pili na mumewe, na sisi tunapiga magoti pembeni yake: rudi, mwanangu, vumilia, nyumba ni yako. Tumeuliza kuna nini ndani ya nyumba ile? Kijana anaitwa akamtoe rafiki yake kwenye ulevi, kule kule kilabuni, na yeye mwenyewe ana miezi miwili tu tangu aache. Tunamwambia nenda, Mungu yupo. Mungu yupo, ndiyo. Na macho aliyokupa, umeyaweka wapi?

Kusaidia tusaidie. Asije mtu akatoka hapa akasema mchungaji katuambia tukae mbali na shida za watu, nitamfuata hadi nyumbani kwake. Ninachotaka wiki hii ni kimoja. Kabla hujamwambia mtu yeyote ashuke, funga mikono nyuma, kizunguke kile kisima, uulize mashine iko wapi. Watakutukana. Zunguka tu. Na ukikuta mtu anatetemeka ukingoni, mwache na mabuti yake.