Maji ya Radhi

Mtu mmoja aitwaye Mbelwa alikuwa na baba kipofu, na alikuwa amemkosea baba huyo. Alimtolea maneno makali mbele ya wazee wa ukoo, akasahau kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mzee hakumlaani. Alimtaka afanye jambo moja tu: aje kumwamkia kila asubuhi, naye siku yake ya mwisho ikifika atampa radhi kwa desturi yao, yaani mzee achukue maji kinywani na kumpulizia mwanawe kifuani. Katika ukoo ule, mtu asiyepuliziwa maji hayo huhesabiwa kuwa hana baba.

Mbelwa alianza vizuri. Alipanda kilima cha kwa baba yake kukiwa bado na umande, akapiga hodi, akaamkia, akaketi kidogo. Lakini kilima ni kilima, na shughuli nazo hazimwachi mtu. Basi akanunua mjini kisanduku kinachosema. Akakifundisha sauti yake, mpaka ile tabia yake ya kukohoa kabla ya kusema neno, akakiweka kando ya kitanda cha baba yake. Kila asubuhi kisanduku kilikohoa, kikasema shikamoo, kikauliza mgongo umeamkaje. Hakikuwa na haraka. Kilisikiliza kisa kilekile cha ng'ombe aliyepotea kana kwamba ni kipya. Mzee aliitika marahaba, na Mbelwa akajipongeza kwa akili yake. Nani ameumia?

Asubuhi moja Bi Mwantumu, jirani aliyempikia mzee uji, alimpigia Mbelwa simu: mzee ameagiza bakuli la maji. Mbelwa alielewa. Alikimbia, roho mkononi, kiatu kimoja kikabaki njiani. Aliogopa kitu kimoja kuliko kifo chenyewe, kwamba kisanduku kilikuwa kimeshafika, maana hakikuwahi kuondoka.

Alipofika mlangoni, mzee alikuwa ameketi kitandani, mashavu yamejaa maji. Mbelwa alifungua kinywa aite, pumzi ikamkatalia. Humo chumbani sauti yake mwenyewe ikakohoa, ikasema shikamoo. Mzee akakipapasa kisanduku, akakiinua, akakipulizia maji yote. Kikakwaruza kidogo, kikanyamaza.

Mbelwa akaanguka magotini. Akalia kwamba yeye ndiye Mbelwa, mwana wa damu, na kile ni kitu tu cha kununuliwa. Mzee akamgeuzia macho yasiyoona.

"Nilijua tangu siku ya kwanza kuwa si wewe, mwanangu. Lakini ndiye aliyekuja."

Kisha akanyoosha bakuli tupu. Bi Mwantumu alilipokea, akakimbilia mtungini. Aliporudi na maji, mzee hakuwa tena na pumzi ya kuyapuliza.

Nanyi mnaonisikia, leo asubuhi ni nani aliyewaamkia wazee wenu kwa sauti yenu?