Zamu Ianzie Mkiani

"Na maji yakiisha njiani?"

Hilo lilikuwa swali. Liliulizwa na mtoto, tena mtoto wa mgongoni, siku mfereji wa kijiji ulipofunguliwa. Wakubwa walicheka, wakapiga makofi, wakanywa togwa, wakaenda zao. Hakuna aliyejibu. Sogeeni motoni basi, wanangu, maana swali lisilojibiwa halifi. Hukaa chini likangoja. Paukwa!

"Pakawa!"

Paukwa mto!

"Pakawa kiu!"

Hapo kale, milima ilipokuwa bado inaamkiana kila asubuhi, na watu na wanyama wakilima bega kwa bega, palikuwa na kijiji kikavu chini ya mlima. Kikavu kiasi gani? Mbwa wa huko akibweka, hutoka vumbi.

"Vumbi, mdomoni?"

Mdomoni, nakwambia. Sasa wanakijiji walichoka na ukavu huo. Wakapanda hadi mtoni, wakajenga banio, yaani ukuta wa mawe na magogo na udongo wa kukinga mto. Kutoka hapo wakachimba mfereji, ukashuka, ukapinda, ukashuka, mpaka shamba la mwisho kabisa. Wote walichimba. Kumbukeni neno hilo: wote.

Juu kabisa, penye banio, palikuwa na shamba la Mzee Nyati. Chini yake shamba la Ngiri. Chini yake shamba la Nyani. Na huko mkiani, ambako mfereji ulikuwa mwembamba kama utambi, waliishi Kobe na jirani yake Namkunda, mjane, pamoja na bintiye Nakiete, yule yule aliyeuliza swali akiwa mgongoni. Sasa alikuwa amekua, anachota maji, anafagia uwanja, na kuuliza alikuwa bado anauliza.

Zamu ya maji ilipangwa hivi: inaanzia juu, inashuka. Nyati anamwagilia, akishiba anamwachia Ngiri, Ngiri akishiba anamwachia Nyani, Nyani akishiba…

"Namkunda!"

Ehe, mnafikiri hivyo. Na yeye alifikiri hivyo.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Mahindi ya Namkunda yalikuwa yamefika magotini, majani yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Akaja shangazi wa Nakiete kutoka bondeni, mwanamke mwenye huruma, akayatazama mahindi, akasema polepole: "Wifi, haya yakifa, mtakula nini? Mwezi ukiandama nitakuja kumchukua mtoto. Kwangu angalau kuna uji."

Namkunda hakubisha. Angebisha vipi? Uji ni uji. Lakini jioni ile alianza kumsuka Nakiete nywele za safari, na alipofika msuko wa mwisho aliuacha. Kesho yake alifumua, akasuka upya, msuko wa mwisho akauacha tena. Mtoto hasafiri na kichwa nusu. Hivyo ndivyo mama yule alivyokuwa anaizuia safari, kwa vidole vyake tu.

Asubuhi moja akainama, akaweka sikio kwenye mfereji mkavu.

"Mfereji, mfereji, maji yako wapi?"

Mfereji ukajibu kwa sauti ya majani makavu: "Yako juu, mama, yako juu. Walio juu wakishiba, nitakuja."

Semeni nami.

"Nitakuja, nitakuja!"

Namkunda akajifunga kanga kiunoni, akaufuata mfereji. Akafika kwa Nyani. Nyani alikuwa ameketi juu ya tuta la udongo aliloliweka katikati ya mfereji, maji yote yameingia kwenye miwa yake, na yeye anatafuna.

"Nyani, ndugu yangu, zamu yako iliisha juzi."

"Dada Namkunda! Karibu muwa."

"Sikufuata muwa. Fungua maji."

"Miwa hii, dada, ikikosa maji siku moja inanuna. Umewahi kuona muwa ulionuna? Na mimi nachukua makombo tu. Mwenye maji ni Ngiri. Kamuulize Ngiri."

Makombo! Amekalia maji, miguu imelowa, anasema makombo. Namkunda akarudi kwake, akainama.

"Mfereji, mfereji, maji yako wapi?"

"Yako juu, mama, yako juu. Walio juu wakishiba, nitakuja."

"Nitakuja, nitakuja!"

Kesho yake akampita Nyani, akafika kwa Ngiri. Ngiri hakuonekana. Yalionekana majani ya magimbi, na katikati yake dimbwi kubwa la matope, na katikati ya dimbwi, pua.

"Shemeji Ngiri, nimekuja kwa habari ya maji."

Pua ikasema: "Shamba langu kubwa, shemeji. Shamba kubwa lina kiu kubwa. Hiyo ni hesabu, si mimi."

"Hili ni shamba au ni kitanda chako?"

"Usiniingilie nyumbani kwangu! Mgongo unaniuma, dawa yake ni matope. Mwenye maji ni Nyati. Ukiweza kuongea na Nyati, nenda. Mimi simo."

Alipenda sana neno hilo, simo. Yumo mpaka puani, lakini hayumo.

"Hahaha! Yumo!"

Namkunda akarudi, akainama. Mfereji ulijibu vilevile, ila safari hii sauti ilikuwa imepasuka katikati.

"Nitakuja, nitakuja!"

Semeni polepole zaidi. Umechoka, mfereji wa watu.

"Nitakuja… nitakuja…"

Siku ya tatu akapanda hadi juu kabisa. Mzee Nyati alikuwa amesimama kivulini mwa migomba yake, pembe ya kuitia watu imening'inia shingoni, kwani yeye ndiye mlinzi wa banio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema haraka, jua linapanda."

"Mahindi yanakufa. Yakifa, mwanangu anaondoka."

"Pole. Panda mtama. Mtama unavumilia."

"Mwaka jana ulisema nipande mihogo, nikapanda. Mwaka juzi ulisema kunde. Mzee, kuna mbegu inayoota kwa shauri?"

Nyati akapuliza pua. "Nyinyi wa mkiani mna maneno! Mnakuja lakini kwenye msaragambo, kwenye kazi ya wote?"

"Pembe ikilia tunakuja. Udongo wa banio lote hili tuliupandisha sisi vichwani, kutoka kwetu huko chini."

"Vizuri," akasema Nyati. "Basi endeleeni kuja."

Mnaisikia hoja hiyo? Endeleeni kuja! Namkunda alishuka mlima bila kuona njia, na kilichomziba macho kilikuwa machozi. Nakiete alimkimbilia, akamshika kidole kimoja.  

Sasa sikilizeni. Mvua ikanyesha.

"Haa! Mahindi yakapona!"

Ngoja! Ilinyesha mlimani tu. Chini halikudondoka hata chozi. Huko mlimani mto ulifura, ukageuka rangi ya kahawia, ukashuka ukinguruma, ukalibeba banio lote, mawe kwa magogo. Ulipotulia, mdomo wa mfereji ulibaki juu na maji yakabaki chini. Miwa ikanuna kweli. Dimbwi la Ngiri likageuka vigae. Migomba ya Nyati ikainamisha vichwa.

Nyati akapiga pembe: Puuu! Puuu!

Huko mkiani Namkunda aliisikia. Akachukua kikapu, akachukua jembe, kama siku zote. Kobe alikuwa mlangoni, kikapu chake kidogo mgongoni.

"Twende, jirani?"

Namkunda akaitazama njia. Akaweka kikapu chini.

"Leo siendi."

"Ee! Tutatengwa!"

"Tumeshatengwa, Kobe. Hujaona tu, kwa sababu unatembea na nyumba yako."

Kobe akafikiri, na Kobe akifikiri huwa ni kazi ya muda. Mwishowe akaweka kikapu chake chini, kando ya kile cha mwenzake.

Kule juu kazi ikaanza bila wao. Nyati akasukuma jiwe kubwa, puu! Akasukuma jingine, puu! Maji yakapita katikati yakicheka. Ngiri akazibua zaidi ya alivyoziba. Nyani akatoa maelekezo. Jiwe na jiwe hayashikani, wanangu, mpaka apatikane mtu wa kukanda mfinyanzi na kuushindilia kwa vidole kwenye kila tundu. Na mfinyanzi ule ulikuwa wapi?

"Mkiani!"

Na vidole vinavyoijua kazi hiyo?

"Mkiani!"

"Twendeni tukawaite," akasema Nyati. "Kwani wanakaa wapi hasa?"

Nyani akamtazama Ngiri, Ngiri akamtazama Nyani. Tangu mfereji uchimbwe, hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuufuata mpaka mwisho.

Wakashuka ndani ya mfereji wenyewe. Mwanzoni palikuwa na unyevu. Mbele kidogo palikuwa na nyufa. Mbele zaidi kwato za Nyati zikawa zinatimua vumbi, na mfereji ukasema chini ya miguu yake: "Taratibu, mzee. Huku hujafika tangu nichimbwe." Nyati akapunguza mwendo.

Walimkuta Nakiete peke yake mlangoni. Mama alikuwa amekwenda mbali kuchimba maji kwenye mchanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Karibuni. Karibu maji, babu." Akampa kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti kama alivyofunzwa.

Nyati alikuwa na kiu ya mlima mzima. Akakiinua, gu! Mara moja tu. Akafuta mdomo. "Ongeza, mjukuu wangu. Na wenzangu hawa."

"Yameisha, babu."

"Chota basi mtungini."

"Ndiyo yalikuwa ya mtungini. Mama alisema niyanywe jua likipanda. Lakini mgeni kwanza."

Mgeni kwanza. Nyati alikishika kile kibuyu, hajui akirudishe au akiweke chini. Akakitikisa karibu na sikio, eti labda limebaki tone. Hakuna.  Ngiri akajaribu kusema "simo", ikamkwama.

Hapo Namkunda akatokea na mtungi, maji yako chini kabisa, yana rangi ya chai. Akamwona mwanawe, midomo mikavu. Akakiona kibuyu mkononi mwa Nyati. Hakupiga kelele. Alimnywesha mtoto kwanza, taratibu, akimshikia kisogo. Ndipo akageuka.

"Mama Nakiete," akasema Nyati kwa sauti ndogo isiyoufaa mwili wake, "pembe ililia."

"Niliisikia. Mahindi umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Tutakuja, mimi na Kobe na vidole vyetu. Lakini kuanzia leo zamu ianzie mkiani, ipande. Tukishamwagilia mimi na Kobe, tunapiga pembe, anafungua Nyani. Kisha Ngiri. Kisha wewe."

"Haiwezekani!" Ngiri akaruka. "Tangu lini maji yakapanda mlima?"

"Maji yatashuka vilevile, shemeji. Itakayopanda ni zamu. Na utaulinda mfereji usivuje hata tone, maana zamu yako haiji mpaka yangu ipite. Aliye juu, maji hayamsahau. Yanapita mlangoni kwake. Mimi ndiye wa kusahaulika."

Wakangoja Nyati aseme. Nyati akaivua pembe shingoni, akaitazama, akamvika Namkunda.

Basi, vikapu vikapanda, mfinyanzi ukapanda. Nyati akaweka mawe, Ngiri akachimbua magogo, Nyani akasokota nyasi na kunyamaza kidogo, Kobe na Namkunda wakashindilia kila tundu. Banio likasimama, likakaza meno, mto ukageuza shingo ukaingia mferejini. Maji yakapita kwa Nyati, hakuyagusa. Yakapita kwa Ngiri, Ngiri akafumba macho yasimshawishi. Yakapita kwa Nyani. Nakiete alikuwa anakimbia pembeni yake, mbele kabisa, penye povu na majani na sisimizi waliopanda mashua za maganda. Na mfereji ukawa unaimba, safari hii si ahadi.

"Nimekuja, nimekuja!"

Aa! Nani kawafundisha? Semeni tena!

"Nimekuja, nimekuja!"

Mwezi ulipoandama, shangazi alifika na kitenge cha kumfungia mtoto nguo zake. Akakuta mahindi yamenyoosha majani. Namkunda akampa jembe: "Wifi, umekuja siku ya zamu. Tusaidie." Wakamwagilia watatu, miguu matopeni, wakicheka kwa jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka baadaye. Jioni shangazi akakunja kitenge chake, akakitia kapuni, akarudi bondeni peke yake.

Mafunzo ni haya, wanangu, na mkikua msikubali kudanganywa: usipime haki ya maji pale yanapotoka, pale kila mtu amelowa. Nenda kwa wa mwisho, utazame miguu yake. Ngano yangu imeshuka mpaka mwisho wa mfereji wake, imetulia shambani, nami natua jembe.

Mtungi ule pale, na kata iko juu yake. Kabla hamjaenda kulala, aanze kunywa yule mdogo aliyekaa mbali na moto, kule mlangoni. Mpelekeeni.