Fuawe ya Mzee Lushinge

Aliyeuza fuawe asiagize jembe. Ndiyo methali mliyoisikia leo kwenye mashine ya kusaga, yule mama alipomtupia shemeji yake mbele ya watu wote, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe, weka hiyo simu chini. Asili yake niliiona kwa macho yangu haya, na mpaka leo nikiisimulia damu inanichemka.

Kwanza, fuawe mnaijua? Wapi! Nyie watoto wa majembe ya dukani mtaijulia wapi? Fuawe ni lile pande la chuma ambalo mhunzi hulaza juu yake chuma chenye moto, akakigonga mpaka kikawa jembe, shoka au kisu. Mhunzi asiye na fuawe ana moto na nyundo tu. Kazi hana.

Kule Nyakasenga nilikoolewa kulikuwa na fuawe moja, ya Mzee Lushinge. Aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake. Ilikuwa pande jeusi lililozamishwa kwenye gogo la mninga, na uso wake ulikuwa umelainika kwa kupigwa. Siku hizo jembe hatukulinunua, tuliliagiza. Unabeba chuma chako chakavu na kuku mmoja, unakwenda kwa Mzee Lushinge, naye anakuuliza unalima mbugani kwenye udongo mweusi mzito au kwenye kichanga, na mgongo wako unainama vipi. Halafu anakufulia jembe lako wewe, si la mwingine. Na mwiko wa kazi hiyo ulikuwa mmoja: mhunzi hakatai jembe. Hata awe adui yako, hata awe amekutukana jana, akija kuagiza jembe unamfulia, kwa sababu kumnyima mtu jembe ni kumnyima chakula, yeye na watoto wake.

Mzee Lushinge alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Nyanzobe, binti. Mdogo ni Deusdedit, tuliyemwita Deo. Deo alikuwa na akili za darasani, walimu walimsifu hadi kanisani. Nyanzobe naye hakuwa mjinga, lakini alipomaliza darasa la saba kifua cha baba yake kilikuwa kimeanza kuuma, ikabidi mtu ashike mivukuto ya kupulizia moto. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Akavukuta moto, akashika koleo, mwisho akashika nyundo. Akaipenda kazi ile kuliko hata baba yake alivyoipenda. Msidhani alikuwa mpole, jamani. Ulimi wake ulikuwa wembe, na akicheka unamsikia kisimani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu hujifanya wamesahau. Ada ya Deo ilitoka kwenye fuawe ile. Sare, madaftari, godoro la bweni, nauli, vyote vilitoka pale. Baba anafua, dada anafua, kijana anasoma. Sote tuliona ni jambo jema, nami niliona hivyo. Sina ugomvi na shule, msininukuu vibaya mkifika kwa mama zenu. Mtoto akiweza kusoma, asome mpaka achoke.

Deo alikuwa chuo kikuu Mzee Lushinge alipofariki. Desturi ya wahunzi ni kwamba siku ya kuanua matanga mrithi anaipiga fuawe ikiwa baridi, kijiji kisikie kwamba kazi haikuzikwa na marehemu. Wanaume walikuwa bado wanatazamana nani apige, Nyanzobe akainuka, akaingia kwenye kibanda cha uhunzi cha baba yake, akapiga. Sisi wanawake tukapiga vigelegele. Tukajua majembe yetu tutayapeleka wapi.

Lakini familia ilikuwa imeshikwa na Ng'wandu, mdogo wa marehemu. Huyo bwana hakuwahi kushika nyundo maishani, ila maneno, ee Mungu wangu, maneno alikuwa nayo. Deo alipopiga simu kwamba mwaka wa mwisho una ada kubwa na baba hayupo, Ng'wandu akaitisha kikao cha ukoo uani kwao. Mimi nilikuwa jirani, kuta zetu zimegusana, nikasikia kila neno.

"Tuuze fuawe," akasema. "Kuna mnunuzi wa vyuma chakavu anapita, anataka vyuma vizito."

Nyanzobe akaruka kama ameungua. "Baba mdogo, nipe msimu mmoja tu! Mvua ziko karibu, watu wataagiza. Ada itatoka hapa hapa ilipotoka miaka yote."

"Chuo hakingoji majembe yako."

"Na mimi nitashika nini?"

"Utaolewa. Mwanamke na masizi, wapi na wapi? Mdogo wako akipata digrii, sote tumetoka. Digrii moja inazidi fuawe mia!"

Wakampigia Deo, wakaweka sauti ya nje. Nilitegemea mtoto yule aseme hapana. Alilelewa na mlio wa fuawe ile. Mnajua alisema nini? "Uzeni tu, baba mdogo. Chuma kile kina faida gani siku hizi? Dada, vumilia. Nikimaliza nitakununulia mashine ya kisasa."

Vumilia! Aliyekuwa mjini kasimama kivulini ndiye anamwambia aliye motoni avumilie.

Mnunuzi alikuja Nyanzobe akiwa porini kuchukua makaa. Walimvizia hivyo makusudi. Aliporudi alikuta fuawe ya babu yake imeng'olewa kwenye gogo, inaning'inia kwenye mizani, na chini yake yamerundikwa masufuria yaliyotoboka na baiskeli iliyovunjika. Akatua makaa, akaikumbatia. Walimng'oa pale kwa nguvu, wanaume wazima, baba zake wadogo. Nimekwenda misiba mingi na nimesikia vilio vingi, lakini kilio kile sikuwahi kukisikia kabla wala baada. Na Ng'wandu anasema, "Acha kutuaibisha mbele ya mgeni."

Kesho yake Nyanzobe akafunga koleo na nyundo ya baba yake kwenye kitenge, akavuka bonde hadi Isolanda kwa Mzee Bulugu, mhunzi wa huko. Akapokelewa kama kibarua. Mtu aliyekuwa na fuawe ya ukoo wake akawa anafua kwenye fuawe ya watu, kwa saa alizopangiwa. Nasi watu wa Nyakasenga tukawa tunavuka bonde na vyuma vyetu kumfuata, kwa sababu mkono wake tunaujua.

Deo akamaliza. Akaja na joho, likapigwa turubai, mbuzi wakachinjwa, tukapigwa picha. Nyanzobe hakuitwa hata kupika. Halafu Deo akapata kazi, na kazi nzuri, kwenye shirika moja la maendeleo. Wala simuonei wivu. Ila ile mashine ya kisasa hatukuiona, na dada yake hakuwahi kupata hata salamu ya kueleweka.

Miaka ikapita. Siku moja tukasikia Deo anarudi na mradi. Mnajua mradi wa nini? Wa kuinua wahunzi wa asili! Alikuwa amewaambia wakubwa zake kwamba yeye ni mtoto wa mhunzi, na kijiji chao kina uhunzi tangu enzi za mababu. Uongo haukuwamo, ila ukweli wote haukuwamo pia. Basi mradi ukaletwa uzinduliwe Nyakasenga. Kile kibanda kikapakwa chokaa nyeupe pe! Tangu lini kibanda cha mhunzi kikawa cheupe? Likaja turubai, vikaja viti, likaja bango lenye picha ya jembe, na meza ndefu yenye kitambaa, ya kupanga majembe atakayoyaona mgeni rasmi kutoka mkoani. Majembe yenyewe sasa hayakuwapo. Deo akatuma mtu amwite dada yake.

Nyanzobe akaja. Alikuja na kitenge kipya, kichwa amekisuka vizuri. Alinipitia nyumbani kwanza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nadhani ameniletea fuawe. Nadhani nitarudi kufua kwetu." Maskini ya Mungu, alikuwa anatabasamu! Nikamsindikiza.

Akaingia kibandani. Gogo la mninga lilikuwepo, na lile shimo la fuawe lilikuwepo. Ndani ya shimo walikuwa wamechomeka maua ya plastiki.

Nilimtazama usoni. Lile tabasamu liliisha lote. Akatoka, akakaa kwenye kiti cha mbele, nami nikakaa kwenye mkeka wa wanawake nikijua leo patachimbika.

Mgeni rasmi alikuwa bado njiani, Deo akaona achangamshe watu. Akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, huyu ni dada yangu. Hakubahatika kusoma. Leo ndiye mnufaika wetu wa kwanza!"

Mnufaika! Aliyemsomesha kwa mikono yake leo ni mnufaika wake! Nilitema mate chini, na sikujali nani ananiona.

Kisha Deo, ili apendeze kwenye picha, akachukua kipande cha chuma na kuku aliyefungwa miguu, akamwendea dada yake kama wazee walivyokuwa wakifanya. "Mhunzi," akasema, "nimekuja kuagiza jembe."

Sote tuliujua mwiko.

Nyanzobe akamtazama. "Unaagiza kweli, au unacheza?"

"Naagiza, dada. Majembe ya kujaza meza hii, na hili liwe la kwanza."

"Nitayafulia wapi?"

Deo akasogeza kipaza sauti mbali na mdomo, lakini mkekani kwetu tulimsikia. "Dada, usiniaibishe. Fua huko huko kwa Mzee Bulugu, utuletee. Tutasema yametoka hapa."

"Nionyeshe fuawe," Nyanzobe akasema kwa sauti kubwa. "Umeagiza jembe, nionyeshe fuawe nilifue sasa hivi. Au niligonge kwenye maua?"

Ng'wandu akasimama, amepandisha mori, kidole juu. "Wewe binti! Mhunzi hakatai jembe! Unavunja mwiko wa baba yako mbele ya watu?"

Hapo ndipo Nyanzobe aliposimama, na sauti aliyotoa haikuhitaji kipaza sauti.

"Baba mdogo, mwiko wa baba unaujua leo? Siku ile kwenye mizani uliusahau? Baba hakukataa jembe la mtu kwa sababu fuawe haikuwa yake, wala yangu, wala yako. Ilikuwa ya kila mwenye shamba hapa. Ninyi mkaiuza kama sufuria lililotoboka. Siku ile mliuza jembe lenu, la kesho na la keshokutwa, mkalila mkalimaliza. Sasa mnanidai jembe gani tena? Sikatai jembe la mtu. Ila nasema hivi, na wote msikie: aliyeuza fuawe asiagize jembe!"

Ng'wandu kidole kimebaki hewani. Akawageukia wazee wenzake wa kijiji, waliokuwa wamekaa pembeni na fimbo zao, kama anayesema, semeni basi, mwiko ni wenu. Mmoja wao akasema taratibu, "Binti hajavunja mwiko. Ameumalizia." Wengine wakaitikia, "Ndivyo."

Mjane mmoja, Bi Kwandu, akainuka mkekani na jembe lake lililolika hadi kubaki kama kijiko. "Na mimi je, mwanangu? Mimi sikuuza kitu."

Nyanzobe akalipokea kwa mikono miwili. "Lako nitalifua, mama. Bado unalima kule mbugani?"

Basi watu wakaanza kuinuka. Wengine walikimbilia nyumbani kuchukua vyuma vyao. Gari la mgeni rasmi lilipofika, lilikuta meza nyeupe haina kitu, viti vitupu, na msururu mrefu wa watu wamewapa mgongo wenye turubai, kila mmoja anasubiri kusema na mwanamke asiye na cheti. Deo alijaribu kueleza, lakini hakueleweka. Mradi ulifunguliwa ukafungwa siku hiyo hiyo.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzito. Ng'wandu alinunua majembe ya dukani, mbuga ikayapinda moja baada ya jingine kama karatasi. Akamtuma mkewe Isolanda. Nyanzobe akamfulia, akamwambia, "Mama mdogo, wewe hukuulizwa siku ile. Hili ni lako." Lakini jembe moja kwa nyumba yenye midomo mingi linatosha nini? Mwisho Ng'wandu akavuka bonde mwenyewe, chuma begani, kuku mkononi.

Nilikuwepo, nilikuwa nimefuata jembe langu. Nyanzobe alipomwona aliweka nyundo chini, akapiga goti. "Shikamoo, baba mdogo." Akampa kiti kivulini. Akampa maji ya kunywa, akamuuliza habari za nyumbani na za mgongo wake. Mzee akaeleza yote, akafika mwisho wa maneno, akasogeza kile chuma mbele. Nyanzobe hakukigusa. Akamwongezea maji, akarudi kazini kwake.

Mzee alikaa pale mpaka jua likageuka, kisha akanyanyuka, akajitwika chuma chake, akamchukua kuku wake, akarudi. Tulimpita njiani bondeni, na waliokuwa wanapanda walimwona akirudi nyumbani na chuma chake na kuku wake. Hakuna aliyemcheka na hakuna aliyemuuliza. Walimwamkia, wakampisha njia, wakainamia tena majembe yao.

Aliyeuza fuawe asiagize jembe.